Remmy Ongala, Mwimbaji wa Matimila: Maisha Yake na Kiswahili Chake

Katika Wilaya ya Songea, mkoani Ruvuma, iko kata iitwayo Matimila. Ni nchi ya vijiji na mashamba ya mahindi, wala haina jambo kubwa la kuipatia sifa ng'ambo. Hata hivyo jina lilo hilo limechapwa juu ya santuri zilizouzwa Uingereza na nchi nyingine za Ulaya, na lilipata kutajwa majukwaani mbele ya watu wasiojua kama Songea ni mji, mto au mtu. Sababu yake ni bendi ya Dar es Salaam iliyoitwa Orchestra Matimila, na baadaye Super Matimila, ambayo kiongozi na mwimbaji wake alikuwa Remmy Ongala. Mwenyeji wa Songea alisikiapo neno Matimila hukumbuka kwanza njia ya kwao. Mkazi wa Dar es Salaam aliyekuwa kijana katika miaka ya 1980 hukumbuka magitaa.

Maisha ya mwimbaji huyu yafaa kuchunguzwa na wapenzi wa lugha, si wapenzi wa dansi peke yao. Mwaka 1972 Chuo cha Uchunguzi wa Lugha ya Kiswahili cha Dar es Salaam kilitoa kitabu cha J. R. Mkabarah juu ya Salum Abdallah, kiongozi wa Cuban Marimba ya Morogoro, aliyefariki mwaka 1965. Kwa kitabu hicho ilikubaliwa kwamba mtunzi wa nyimbo za dansi naye ana haki ya kuandikiwa wasifu, kama vile malenga wa Mombasa na Pate. Lakini njia ile iliyofunguliwa haikupitwa na wengi. Tenzi za pwani zimehaririwa na kufasiriwa mara nyingi, na ni haki. Tungo za bendi, ambazo watu maelfu walizijua kwa moyo toka Kigoma hata Songea, zimeachiwa wenye redio na wauza kanda.

Kabla ya kuingia katika habari zake yapasa kulitazama neno moja ambalo humpoteza mgeni, nalo ni "jazz". Dar es Salaam Jazz Band ilianzishwa mwaka 1932, na Morogoro Jazz mwaka 1944. Zikafuata Tabora Jazz, Western Jazz, Kilwa Jazz, na Nuta Jazz iliyokuwa mali ya chama cha wafanyakazi kilichoundwa mwaka 1964. Kule Kongo palikuwa na African Jazz ya Joseph Kabasele, na OK Jazz iliyozaliwa mwaka 1956. Mtu aliyezoea jazi ya Wamarekani Weusi akisikiliza bendi hizi atashangaa, kwa maana nyingi zao zilipiga rumba, chacha na bolero, na kupokea mtindo wao zaidi kutoka santuri za Kuba kuliko kutoka New Orleans. Katika Kiswahili cha Afrika ya Mashariki neno hili liligeuka maana: halikutaja namna ya muziki, bali kundi lenye vyombo vya kisasa, yaani magitaa, saksafoni, tarumbeta na ngoma za kizungu. "Jazz" ilikuwa bendi. Ndiyo maana mtu aliweza kusema bila kujipinga kwamba jazz fulani haipigi jazi.

Hapo kabla, neno la namna hiyo hiyo lilikwisha kuingia kwa mlango mwingine. Beni, ngoma iliyotokea mwambao wa Kenya mwishoni mwa karne ya 19, jina lake ni neno la Kiingereza la bendi lililovishwa kanzu. Askari na wapagazi wa vita vya 1914 hadi 1918 waliichukua beni wakaipeleka bara, pamoja na vyama vyake vya Marini na Arinoti, hata ikafika kusini. Katika nchi zilizo mashariki ya Ziwa Nyasa, kwa Wanyasa na Wamatengo na majirani zao wa Songea, mchezo wa namna hiyo ulipata umbo lake wenyewe, ukaitwa mganda. Wachezaji hujipanga mistari kama askari, wamevaa nguo safi zinazofanana, wakiongozwa na watu wenye vyeo; na mahali pa tarumbeta za shaba hupuliza vibuyu vilivyotobolewa na kuzibwa kwa utando mwembamba, ambao kwa kawaida ni wa buibui, hata sauti ya mtu ikatoka na mlio wa tarumbeta. Mganda hauna uhusiano na lizombe ya Wangoni, iliyo ngoma ya asili yao. Ni mtoto wa kambi ya jeshi.

Hili si jambo la kupuuzwa. Jazi ya Marekani nayo, miongoni mwa wazazi wake, ilikuwa na bendi za shaba za kijeshi ambazo vyombo vyake na maandamano yake viliangukia mikononi mwa watu weusi wa New Orleans baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyokwisha mwaka 1865. Pande mbili za bahari, watu ambao hawakujuana walisikia gwaride la mabwana, wakaligeuza kuwa dansi. Waliokosa shaba, kama wale wa Nyasa, walitengeneza tarumbeta kwa kibuyu. Basi bendi za magitaa zilipoanza kusikika Songea kwa santuri na redio, hazikukuta masikio yasiyozoea. Zilikuta watu waliokwisha kuvaa sare na kucheza kwa mstari tangu siku za babu zao.

Remmy Ongala alizaliwa mwaka 1947 mjini Kindu, katika nchi ya Maniema, Kongo ya Wabelgiji. Jina lake kamili ni Ramadhani Mtoro Ongala. Mtoro ni jina la zamani katika Uswahili, nalo wanalijua wasomaji wa Desturi za Wasuaheli kwa sababu ya Mtoro bin Mwinyi Bakari. Kulikuta Kindu si ajabu. Mji huo umo kando ya mto Lualaba, chini ya Nyangwe na Kasongo, mahali ambapo misafara ya Waarabu na Waungwana iliweka makao katika nusu ya pili ya karne ya 19. Habari za siku hizo zimo katika maisha ya Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, aliyoyaandika mwenyewe kwa Kiswahili na ambayo yalichapishwa tena kama nyongeza ya jarida la East African Swahili Committee mwaka 1958 na 1959. Kiswahili kilichoachwa na misafara ile kilimea mizizi, kikawa lugha ya soko na ya nyumbani. Wazungu walikiita Kingwana. Hivyo Remmy hakujifunza Kiswahili Dar es Salaam kama mgeni. Alikuja nacho, ila cha kwao.

Juu ya kuzaliwa kwake husimuliwa habari ambayo yeye mwenyewe aliipenda kuisema. Mama yake alikuwa amefiwa na watoto wawili. Alipochukua mimba tena alikwenda kwa mganga, naye akaambiwa asizalie hospitali bali msituni, na kwamba mtoto akizaliwa asikatwe nywele. Mtoto akazaliwa na meno mawili ya mbele tayari yameota, jambo ambalo kwao lilihesabiwa kuwa dalili ya uganga. Nywele zikaachwa, zikawa misokoto mirefu. Watu wa miaka ya 1980 waliomwona Dar es Salaam walidhani amewaiga Marasta wa Jamaika, kumbe nywele zile zilitangulia habari za Marasta. Kutokana na uganga huo alipata jina la Daktari, nalo likashikamana naye: Dokta Remmy. Msikilizaji alilielewa kwa maana mbili, mganga wa kuzaliwa na mganga wa nyimbo, na mwimbaji hakumkataza yeyote katika hao wawili.

Baba yake alijua kuimba na kupiga ngoma, na mwana alipata masomo yake ya kwanza hapo. Alifiwa na wazazi akali kijana, akalemewa na ulezi wa wadogo zake. Shule ikaishia hapo. Ilikuwa miaka mibaya kwa nchi yenyewe: uhuru wa mwaka 1960 ulifuatwa na vita, na mwaka 1964 Kindu iliangukia mikononi mwa wapiganaji wa Simba kwa miezi kadha. Remmy alijifundisha gitaa mwenyewe, akazunguka na bendi za vijana nchini Kongo, kisha akavuka mpaka, akapiga muziki Uganda na Kenya. Safari za namna hiyo zilikuwa desturi ya wanamuziki wa Kongo ya mashariki. Mwanamuziki alichukua gitaa lake, au hata hilo hakuwa nalo, akategemea jina la nchi yake, kwa kuwa kila klabu kutoka Kampala hadi Mombasa ilitaka Mkongo jukwaani.

Mwaka 1978 alifika Dar es Salaam kujiunga na Orchestra Makassy, bendi ya mjomba wake. Humo alianza kujulikana kwa utungo wake uitwao "Siku ya Kufa". Yafaa kuangalia jambo hili: mgeni aliyeingia katika mji wa starehe, katika bendi ya dansi, alijitambulisha kwa wimbo wa mauti. Bendi ya Makassy ilipohamia Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1980, yeye alibaki, akaingia Matimila.

Hapa ndipo jina lile la Songea linapokutana naye. Jina la bendi lilimtangulia, alilikuta. Vyombo navyo havikuwa vyake, bali vya mfanyabiashara mwenye bendi. Mpango huo ulikuwa wa kawaida nchini. Bendi ilikuwa na mwenyewe: shirika la umma, jeshi, jumuiya ya chama au mtu mwenye mali, na mwanamuziki aliajiriwa kama dereva aajiriwavyo kuendesha gari la mwingine. Mwimbaji mwenye jina kubwa aliweza kurudi nyumbani alfajiri kwa miguu, baada ya kucheza na watu mia kadha usiku kucha, huku gitaa alilopiga limefungiwa stoo. Maneno yenyewe ya kazi hiyo yaonyesha hali: husemwa "kupiga vyombo", na anayevimiliki huitwa "mwenye vyombo", hata kama hajui kupiga kimoja. Kwa miaka mingi wanamuziki wa Tanzania walihama bendi kwa bendi kwa sababu hiyo kuliko sababu nyingine yoyote. Remmy hatimaye alipata kuishika bendi mwenyewe, akaiongezea jina la Super, lakini Matimila hakuiacha.

Katika miaka hiyo Tanzania Bara ilikuwa na redio moja, Radio Tanzania Dar es Salaam. Bendi iliingia studio ya redio, ikarekodi nyimbo zake katika utepe, na nyimbo hizo zikapigwa nchi nzima. Viwanda vya kuchapa santuri havikuwapo nchini, hivyo wimbo ulienda kwa upepo, na baadaye kwa kanda zilizonakiliwa na kunakiliwa tena mpaka sauti ikawa kama imetoka chini ya maji. Kwa njia hii mtu wa Songea alimjua Remmy pasipo kumwona. Barabara ya lami kutoka Makambako ilifika Songea katika miaka hiyo hiyo ya 1980. Kabla yake, redio ilikuwa ikifika upesi zaidi kuliko basi, hasa wakati wa masika.

Na maneno aliyoyasikia mtu huyo yalimhusu. Neno ambalo Remmy alilirudia kuliko yote katika majina ya tungo zake ni "mnyonge". Ana wimbo uitwao "Sauti ya Mnyonge", na mwingine "Mnyonge Hana Haki". Kamusi za zamani huelezea mnyonge kuwa mtu dhaifu au mtu wa hali ya chini, lakini katika matumizi ya watu neno hili lina uzito kupita maelezo hayo. Maskini hana mali. Mnyonge hana wa kumsemea. Yawezekana mtu kuwa na chakula na bado akawa mnyonge mbele ya karani. Mithali ya Waswahili yasema, "Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni," ikicheza kwa sauti mbili zinazofanana, mnyonge na kunyonga. Jina la wimbo wa Remmy laipinga mithali hiyo ana kwa ana: mithali yaamuru haki itolewe, naye ashuhudia kwamba haipo. Katika nchi ambayo siasa yake rasmi tangu Azimio la Arusha la mwaka 1967 ilikuwa usawa wa watu, kuimba hadharani kwamba mnyonge hana haki hakukuwa maneno ya mchezo. Lakini alisema kwa lugha ya methali, na mwenye kutaka kukasirika alilazimika kwanza kukasirikia methali.

Songea ilikuwa na sababu yake ya kulielewa neno hili. Kwa miaka mingi ya ukoloni wilaya hiyo ilikuwa moja ya zile zilizotoa vibarua kwa mashamba ya katani ya Tanga na Morogoro. Vibarua hao waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alipewa namba na kujulikana kwayo. Mtu kuondoka kwao ana jina na ukoo, akafika shambani akawa tarakimu, ndiyo sura ya unyonge iliyo wazi. Watoto na wajukuu wa manamba walikuwamo katika wasikilizaji wa Remmy mjini na vijijini.

Kuhusu sanaa yake ya maneno, jambo la kwanza la kuangalia ni namna atungavyo majina ya nyimbo. "Kipenda Roho" ni nusu ya methali. Nusu ya pili, "hula nyama mbichi", imeachiwa msikilizaji aijaze mwenyewe. Ni desturi ile ile ya majina ya kanga, ambapo mwenye kuvaa hutembea na fumbo na mwenye kusoma humaliza kimoyomoyo. Utungo mwingine, "Muziki Asili Yake Wapi", ni swali tupu. Mtu aweza kulipima swali hilo kwa historia ya rumba yenyewe: midundo iliyochukuliwa na watumwa kutoka pwani ya Kongo hadi Kuba, ikarudi katika santuri za miaka ya 1930 na kuendelea, ikapokewa Kinshasa kama kitu kigeni, kisha ikaletwa Dar es Salaam na Wakongo kama kitu cha Kongo. Asili yake iko wapi? Wenye kudai kwamba jazi na bluzi ni za Marekani peke yake wangepata taabu kujibu.

Jambo la pili ni lafudhi yake. Katika santuri iliyotolewa mwaka 1992 umo wimbo ulioandikwa "Inchi Yetu". Msahihishaji wa shule angeikata irabu ile ya mwanzo kwa wino mwekundu. Lakini haikuandikwa kwa kutojua. Kiswahili cha Kongo ya mashariki hakipendi n au m isimame peke yake kuwa silabi. Huiegemeza kwa irabu, hata nchi ikawa inchi, nje ikawa inje, mtu akawa mutu. Zaidi ya hayo, "inchi" ilikuwa ikiandikwa hata Zanzibar na wamisionari wa karne ya 19, kabla ya tahajia kusanifiwa katika miaka ya 1930. Kwa hiyo mwimbaji wa Kindu alikuwa amehifadhi kinywani mwake umbo ambalo usanifishaji ulilifuta katika vitabu. Walimu wengi walikihesabu Kiswahili cha Kongo kuwa Kiswahili kilichovunjika. Wasikilizaji wa Dar es Salaam hawakuona hivyo: lafudhi ya Kikongo kwao ilikuwa dalili ya muziki mzuri, na baadhi ya waimbaji Watanzania waliiiga. Ni nadra lahaja ya pembeni kupata heshima ya namna hiyo katika mji mkuu, nayo haikuipata kwa msaada wa kamati yoyote.

Pamoja na hayo Remmy hakung'ang'ania lahaja yake. Katika tungo zake za Dar es Salaam atumia Kiswahili ambacho mtu wa Tanga au wa Songea angekifahamu bila mkalimani, sentensi fupi, maneno ya kila siku, karibu kama mazungumzo. Vina na mizani vya mashairi ya pwani hakuvifuata. Badala yake hutegemea takriri: jambo moja husemwa, likarudiwa kwa kugeuzwa kidogo, huku magitaa yakizunguka, mpaka neno la kawaida likaanza kuonekana geni. Mtu akizisoma tungo hizi katika karatasi pasipo muziki ataziona nyepesi, na hilo ni kosa ambalo wahakiki wa ushairi wamelifanya mara nyingi. Zimetungwa kwa sikio.

Ukaribu wake na bluzi waonekana zaidi hapa kuliko katika sauti za magitaa. Waimbaji wa bluzi wa kusini mwa Marekani waliisemesha huzuni kana kwamba ni mtu aliyebisha hodi asubuhi. Remmy, katika utungo wake mashuhuri "Kifo", aifanya mauti kuwa mtu wa kusemeshwa, akaitwa kwa jina na kulaumiwa. Washairi wa Kiswahili wa zamani walipoimba juu ya mauti, kama ilivyo katika Al-Inkishafi, walimhubiria aliye hai azinduke na kuuacha ulimwengu. Yeye hahubiri. Alalamika, kama mfiwa alalamikavyo mkekani kabla ya wazee kumnyamazisha. Na watu waliucheza wimbo huo. Wageni waliona ajabu kwamba wimbo wa kifo wachezwa kwa furaha, lakini atokaye katika nchi ambazo matanga huambatana na ngoma haoni ajabu yoyote.

Utungo uliomletea mashaka zaidi ni "Mambo kwa Soksi". Ugonjwa wa ukimwi ulitambuliwa nchini Tanzania kwa mara ya kwanza mwaka 1983, mkoani Kagera, na mwishoni mwa miaka ya 1980 ulikuwa umeenea. Mipira ya kujikinga ilipatikana, lakini kuitaja mbele ya watu ilikuwa fedheha. Remmy aliita soksi, akawahimiza wanaume waivae. Tasfida hii ni nzuri kwa sababu haifichi kitu: kila mtu ajua soksi huvaliwa kabla ya kiatu, na kwamba asiyeivaa ataumia. Redio ilikataa kuupiga wimbo. Kwa bendi ambayo redio ndiyo ilikuwa mlango wake wa pekee wa kufika mikoani, katazo hilo lilikuwa zito. Lakini kanda zilikuwapo, zikapita sokoni na ndani ya mabasi, na neno soksi likaingia katika mazungumzo ya watu kwa maana hiyo mpya. Waliokataza walijali heshima ya lugha, na jambo hilo si la kudharauliwa katika jumuiya ya Waswahili, iliyo na adabu zake za kusema na kunyamaza. Ila adabu za Waswahili hazikukataza kamwe kusema jambo la aibu kwa fumbo. Unyago na jando vyote vimejengwa juu ya mafumbo ya namna hiyo. Mwimbaji alikuwa ndani ya desturi zaidi kuliko waliomzuia.

Mwaka 1988 Super Matimila ilialikwa Ulaya katika maonyesho ya WOMAD, jumuiya iliyoanzishwa na mwanamuziki Mwingereza Peter Gabriel na wenzake. Mwaka uliofuata nyimbo za bendi zilirekodiwa na kutolewa na kampuni ya Real World kwa jina la Songs for the Poor Man, na mwaka 1992 ikafuata Mambo. Hivyo mnyonge alipewa jina la Kiingereza, ingawa neno "maskini" walilolichagua wafasiri halitoshi kwa sababu zilizokwisha kuelezwa. Katika Mambo zimo pia nyimbo kadha zenye majina na maneno ya Kiingereza, kama "No Money, No Life". Ni haki ya mtunzi kumsemesha msikilizaji wake mpya, lakini nguvu yake haikuwa huko. Fumbo la methali lililokatwa nusu halina kazi kwa asiyejua nusu ya pili.

Katika miaka yake ya mwisho afya yake ilidhoofika kwa kiharusi na maradhi ya sukari. Aliacha muziki wa dansi, akaokoka, akaimba nyimbo za Injili, na nywele zile zilizokuwa zimeachwa kwa agizo la mganga wa Maniema akazikata. Alifariki Dar es Salaam tarehe 13 Desemba 2010, akazikwa Sinza, mtaa aliokaa kwa miaka mingi. Tepu za sauti yake na za bendi za wakati wake zilizorekodiwa na Radio Tanzania zimerithiwa na Shirika la Utangazaji Tanzania, TBC. Utepe wa sumaku huliwa na joto na unyevu wa pwani kama karatasi iliwavyo na mchwa, na mwenye kutaka kuandika juu ya Kiswahili cha karne ya 20 angefanya vema kuanzia hapo kabla ya kwenda kwenye magazeti.

Nyumbani kwake palikuwa karibu na barabara, na watu wa daladala wakapaita Sinza kwa Remmy. Jina limebaki baada ya mtu kuondoka, likawa kituo. Mji wa Dar es Salaam una majina mengi ya namna hii, yaliyojengwa kwa neno "kwa" na jina la mwenye nyumba, duka au mti. Songea nayo ilianza hivyo hivyo. Wajerumani walipojenga boma lao mwaka 1897 walilijenga kwa Songea, yaani katika nchi ya Songea Mbano, mmoja wa wakubwa wa Wangoni, ambaye walimnyonga mwaka 1906 kwa ajili ya Vita vya Maji Maji. Huko neno "kwa" limekwisha kuanguka, likabaki jina la mtu peke yake. Sinza bado lipo.